Jumatano Bonde Lote Liko Kanisani

Nilimwambia yule binti wa Portland mara mbili: usiweke mkutano Jumatano. Jumatano jioni bonde lote la Cutler liko kanisani, linakula. Akanicheka kwa adabu, kama wanavyotucheka siku zote.

"Mzee Orval, kanisa si Jumapili?"

"Jumapili ni ya Mungu, mwanangu. Jumatano ni ya chakula."

Hakusikia. Sloane, ndilo jina lake, alikuwa ametumwa na chama chetu atusaidie kumshinda Mchungaji Hollander, anayegombea ubunge wa jimbo na ameapa kuifunga kliniki ya wanawake mjini. Mjukuu wangu Maren ni muuguzi pale. Chama chetu huichukua Oregon, jimbo letu, kila uchaguzi kwa kura za miji mikubwa kama Portland, kikasahau kwamba huku milimani nako kuna watu. Mimi sisahau. Kiwanda cha mbao kilipofungwa walikuja wakubwa wa chama na tai zao, wakatuahidi mafunzo ya kompyuta. Kompyuta, kwa watu walioacha vidole kwenye msumeno! Hata hayo mafunzo hayakuja.

Jumatano ikafika. Ukumbini tulikuwa mimi, Sloane na mbwa wa mlinzi. Sloane akasema watu wa huku hawajali siasa. Nikavaa kofia yangu, nikavuka barabara.

Kanisani walijaa hadi mlangoni. Ni wale wale niliogoma nao: waendesha msumeno, wapakiaji, madereva wa magogo. Chama kizima cha wafanyakazi, kasoro waliokufa, kinakula viazi vya jibini mezani kwa Hollander. Jikoni alikuwa Ardith, mjane wa rafiki yangu Lyle. Ndiye aliyetupikia wakati wa mgomo, na anakoelekea yeye, mtaa wa kiwandani wote huelekea.

"Shemeji Orval! Umekuja kuokoka au kula?"

"Nimekuja kuomba kura."

"Basi kula kwanza. Mwenye njaa haombi, anabweka."

Wakacheka. Nikala, sikatai chakula cha Ardith. Kisha nikamwambia, "Huyu mtu ataifunga kliniki. Pale ndipo walipougundua uvimbe wa bintiyo."

"Najua. Na Maren ndiye aliyemshika mkono."

"Sasa?"

"Sasa nini? Alipokufa Lyle, jiko langu lilibaki na majivu. Hollander akaja na wanaume wa kanisa, wakanipasulia kuni, wakazipanga hadi usawa wa dirisha. Kila vuli wanakuja, sijawaita. Chama chako kiliniletea rambirambi gani? Karatasi yenye picha ya bwana mmoja anachekacheka."

"Amekununua kwa kuni, shemeji!"

Akaweka mwiko chini. "Wewe ulitugomesha msimu mzima kwa maharagwe yangu. Ulitununua?"

Nikachota viazi tena.

"Mahubiri yake mengine nayameza kama dawa chungu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini anakuja, Orval. Anabisha hodi."

Huku hatupangi foleni ya kupiga kura. Karatasi huletwa na posta, unaijaza mezani kwako, unaifunga kwenye bahasha na kutia sahihi. Ardith akafuta mikono, akatoa yake mkobani.

"Kesho unakwenda mjini? Nitumbukizie kwenye sanduku la kura, magoti yananiuma."

"Unaniamini nayo?"

"Nimwamini nani tena? Hollander ni mgombea, haifai."

Wengine wakasikia, nao wakanipa zao. Nikatoka na bahasha mkono mzima, na sikuhitaji kufungua hata moja kujua wamempigia nani.

Kesho yake njia ilifuata mto, na dirisha la gari lilikuwa wazi, bahasha ziko kitini kando yangu. Sitadanganya kwamba sikuutazama ule mto. Mjini nikaegesha mbele ya maktaba, penye sanduku la kura, nikazitumbukiza moja moja, ya Ardith ya mwisho. Kisha nikaenda kliniki, nikamkuta Maren anafungua milango.

"Tafuta kazi kwingine mapema," nikamwambia. "Mtaa wa kiwandani umekwenda kwa Hollander. Kura zao nimezipeleka mwenyewe."

"Zote, babu?"

"Zote."

Akaniangalia kidogo. "Ya Ardith pia?"

"Pia."

"Vizuri, babu. Walikuamini," akasema, akaenda kuwasha taa.