Supu ya Mama Fenna

Jorrit hakutulia kitini. Mlangoni mchumba wake, Fenna, alishamwonya: "Lile neno likikutoka mbele ya mama, mimi na wewe basi. Humu ndani tuna mgonjwa wa kweli."

Na vijana wa Rotterdam mnatujua: "kansa" kwetu ni neno la kukolezea kila kitu, kizuri au kibaya. Baridi ya kansa, basi la kansa, hata chipsi huwa tamu kama kansa, na hakuna anayemfikiria mgonjwa.

Mama Fenna, kitambaa kichwani palipokuwa na nywele, akampakulia supu ya njegere. Jorrit akaonja. Ilikuwa tamu balaa, na neno likampanda kooni. Akalimeza, akakohoa, jasho likamtoka.

"Vipi baba, mbona unajinyonganyonga? Supu mbaya?"

"Hapana, mama! Tamu kama... kama..." Fenna akamkanyaga mguu. "Kama homa ya matumbo!"

Fenna akafunika uso.

"Homa ya matumbo," mama akasema taratibu, "ndiyo iliyomuua bibi yangu." Halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Lete bakuli nikuongeze, mkwe. Ila ule ugonjwa wangu niachie mwenyewe."

Jorrit akasogeza bakuli kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeziba mdomo.