Firigisi ya Baba Frederick

Jumapili moja baada ya ibada, nyumbani kwake Makambako, Hulda aliponda viazi kwa maziwa, akachanganya na njegere, akafinyanga vidonge vidogo vya kushikika mkononi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemwelekeza. Judith, binti yake wa miaka mitatu, alikuwa na kilo kumi kasorobo tangu mahindi yapandwe hadi yakavunwa.

"Na nyama, mama," muuguzi alisema. "Hata kipande kimoja."

Hulda hakuwa na ombi jingine siku hizo, ila kilo zile zisogee.

Kuku alikuwepo, tena jogoo wa maana. Lakini kuku ana wenyewe: firigisi na mapaja ni ya baba, watoto hupewa shingo na mchuzi. Hulda akaweka firigisi kwenye sahani ya mumewe, Aloyce, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Wakafumba macho wasali.

Hulda hakufumba yote mawili. Aliiona firigisi ikishuka kwenye sahani, ikavuka meza polepole, ikampita Frederick, kaka mtu, ikapanda kwenye sahani ya Judith. Walipoitikia amina, Judith alikuwa anatafuna.

"Firigisi yangu iko wapi?" Aloyce aliuliza.

"Imeenda kwa Judith."

"Nani kaipeleka?"

"Imeenda yenyewe, Baba Frederick."

Aloyce akaitazama michirizi ya mchuzi mezani, akaona ni kweli, akala viazi.

Hulda akashikwa na hamu ya kujua. Jumapili iliyofuata alimhamishia Judith upande wa mlangoni. Firigisi ikafika katikati ya meza, ikasita, ikageuka kumfuata. Akajaribu kwa paja. Nalo lilikwenda, ila kwa kurukaruka, maana lilikuwa moja.

Mwezi ule mizani ya kliniki ilisoma kilo kumi na nusu. Hulda alirudi nyumbani akiimba njia nzima.

Aloyce hakugomba. Kwanza alifupisha sala. Ikabaki maneno manne, na firigisi ikajifunza kukimbia. Kisha akaenda Njombe kununua misumari, akarudi na bakuli la bati lenye kifuniko cha kubana.

"Mama Frederick, baba humu ndani ni mimi," alisema kwa upole.

Hulda akalipokea bakuli, akalisuuza. Moyo ulimuuma, lakini mpakuaji ni yeye, na Jumapili alipakua humo, akabana kifuniko kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa sala imerudia urefu wake, na mizani imerudi kilo kumi kasorobo. Kila Jumapili, katikati ya sala, firigisi hugonga kifuniko kwa ndani, ngo, ngo, ngo. Aloyce huongeza sauti. Judith, ambaye amefundishwa adabu za wageni, huligeukia bakuli na kuitikia, "Karibu."