Dawa Isiyosubiri

Kwa miezi mitatu nilimtukana Bwana Sampuli bure. Leo naweza kulisema hilo, ingawa yeye mwenyewe sijamwambia na sidhani kama nitamwambia. Mtu anayeuza dawa za magari mlango kwa mlango amezoea kutukanwa, na nikimwomba radhi atadhani nataka punguzo.

Jina hilo tulimpa mimi na kaka yangu, kwa sababu kila akija lazima atoe kichupa cha sampuli mfukoni, hata kama umemwita kwa ajili ya ndoo. Kwetu alileta kila kitu: shampuu isiyokula rangi, udongo wa kunasia vumbi la chuma, polishi za kuanzia na za kumalizia, vitambaa visivyokwaruza. Alileta pia dawa ya seramiki, ile inayopakwa juu ya rangi ya gari na kukauka hadi inakuwa ngumu kama kioo, maji yakimwagika yanateleza yenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini.

Gereji yetu si ya injini. Ni banda moja refu nyuma ya duka la matairi, taa za mrija kuta zote mbili, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu. Magari yanaingia yamechoka, yanatoka yanajisikia. Mimi kazi yangu ni kuosha, kupokea wateja na kugombana. Fundi ni kaka. Mtaani wanamwita Taratibu, na hawakumpa jina hilo kwa kumsifu. Gari ambalo wengine wanalimaliza kwa siku moja, yeye analikalia siku tatu. Lakini likitoka, yule aliyemcheka ndiye anayefuata na lake.

Kupaka seramiki si kazi ya nguvu, ni kazi ya macho. Unapaka kipande kidogo, ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, halafu unatazama. Kwanza panang'aa tu. Kisha zinatokea rangi rangi, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Sisi tunasema dawa imetoka jasho. Zile rangi zikianza kufifia, hapo hapo unafuta. Ukifuta mapema umeiondoa yote. Ukichelewa inaganda na kuacha doa lenye kingo, na doa hilo halitoki kwa sabuni wala kwa dua. Linataka mashine, na mashine inakula rangi ya mteja.

Madoa yalianza na gari jeusi la mwalimu mkuu. Alilirudisha siku ya pili, akaliegesha juani makusudi ili nione vizuri.

"Dada," akasema, "hii ndiyo seramiki, au mlilipaka sabuni mkaenda kulala?"

Nikampigia Bwana Sampuli, nikampa vidonge vyake. Akaleta dawa ya kampuni nyingine. Gari la tatu, madoa. Nikabadilisha vitambaa. Nikabadilisha spiriti ya kufutia rangi kabla ya kupaka. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikaweka taa mpya, mwanga mweupe wa kuumiza kichwa. Madoa. Siku moja kaka alichukua chupa nyeusi mezani, akaniuliza maandishi yanasema inakauka kwa muda gani. Nikamsomea. Ilikuwa ya polepole kuliko zote tulizokuwa nazo.

"Tuchukue hii," akasema. "Inampa mtu nafasi."

Sikujiuliza kwa nini asisome mwenyewe. Nilidhani ni uvivu.

Nilitaka sana dawa iwe ndiyo mbovu. Kaka alinisomesha kwa kazi hii, akaniozesha kwa kazi hii, na ndoa ilipovunjika akanirudisha bandani bila kuniuliza swali hata moja. Hana shamba, hana biashara ya pembeni, hana hata timu ya mpira anayoishabikia. Ukimwondolea rangi za magari umebakiza mwanamume aliyekaa kitini. Kwa hiyo kosa ilikuwa lazima liwe kwenye chupa, maana likitoka kwenye chupa lina mahali pamoja tu pa kwenda.

Tuna boneti la zamani limeegemezwa ukutani kwa ajili ya majaribio. Jumapili moja, kaka yuko kwake, nililigawa kwa utepe sehemu tatu. Kila sehemu nikaipaka dawa moja, nikatazama, nikafuta. Mimi ambaye kaka husema nina mkono wa kusukuma mkokoteni. Zote tatu zilitoka safi. Hata ile ya kwanza, niliyoikataa kwa matusi, ilitoka safi kabisa.

Nilikaa juu ya ndoo nikalitazama lile boneti kwa chuki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimepekua nguo za dunia nzima isipokuwa za kwetu.

Kesho yake joto lilikuwa kali, bati la banda linalia juu. Kaka alikuwa kwenye fenda la gari la fundi cherehani, na mimi nikampelekea maji ya kunywa. Nilipokaribia nikamsikia ananong'ona.

"Hamsini na tatu. Hamsini na nne."

Nikasimama. Kwenye fenda rangi rangi zilikuwa zimeshatokea, na mbele ya macho yangu zikafifia, zikaisha. Yeye ameinamia pale pale, uso umeelekea pale pale.

"Sabini na nane," akasema. "Sabini na tisa."

Kaka yangu alikuwa anahesabu. Huyu ndiye aliyenikataza nilipokuwa najifunza, akaniambia kuhesabu ni kwa mtu anayechemsha mayai. Alifika tisini, akafuta kwa ile mizunguko yake mizuri, akakunja kitambaa mara nne. Doa lilikuwa limeshakaa, pana, na kingo zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini magari machache, yale ya siku za baridi, yalitoka salama. Siku za baridi tisini yake ilitosha. Siku za joto dawa ilikuwa imemaliza safari kwenye hamsini.

"Kaka, unahesabu."

"Nani kasema?"

"Masikio yangu."

Akatafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaweka kitambaa. "Basi yapongeze. Yamenizidi macho."

"Tangu lini?"

"Kabla ya gari la mwalimu. Jicho la kushoto lilitangulia. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hapo tunduni penyewe pana ukungu."

"Wifi anajua?"

"Wifi yako anadhani nimeanza kiburi. Nawapita watu njiani bila salamu."

Nilimjia juu. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, kwamba amenifanya mjinga, kwamba nimewaaibisha watu wa watu kwa miezi mitatu, kwamba mficha maradhi mwisho wake unajulikana. Nilipovuta pumzi akasema, "Ulikuwa unafurahia kugomba. Mimi ni nani nikuharibie." Nikacheka, halafu nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu niliogopa.

Daktari wa macho alikuwa kijana, sauti yake ya upole. Alisema ni presha ya macho. Alisema mshipa unaopeleka picha kichwani umekufa sehemu kubwa. Akatoa chupa ndogo ya matone.

"Haya hayarudishi kilichokwenda," akasema. "Yanajaribu kushikilia kilichobaki. Mmechelewa kuja."

"Kumbe ni kama seramiki," kaka akasema. "Nayo haitoi mkwaruzo. Inaufunika hapo hapo ulipo."

Daktari akatabasamu kwa adabu, hajui kinazungumzwa nini. Mimi nilikuwa najua, na sikuona cha kuchekesha.

Bwana Sampuli alipopata habari alikuja bila kichupa, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akakaa, akatushika mikono, akatuambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli. Lakini koleo likivunjika linanunuliwa jingine, na sijasikia methali inayosema afanye nini mhunzi akivunjika mwenyewe. Nilimjibu hivyo hivyo. Kaka akanionya nisimle mgeni.

Mkono wake ulikuwa bado unajua. Gari likishaoshwa alivaa mfuko wa nailoni kiganjani, akaupitisha juu ya rangi polepole, akasikia punje za vumbi ambazo mimi sizioni wala sizisikii. Hapo alisugua kwa ule udongo wa kunasia vumbi, akapitisha mfuko tena, akasema, "Sasa pamelala." Nikamwambia basi hiyo ndiyo kazi yake kuanzia leo, kuosha na kusugua, seramiki nitapaka mimi.

"Mimi ni fundi au mwosha magari?" akauliza.

"Mimi nimeosha miaka kumi na moja, na sijafa."

"Wewe hukuwahi kuwa na kingine cha kupoteza."

Maneno hayo yaliniuma, na alijua yameniuma, na hakuyarudisha. Ndipo tukafikia shauri. Yeye atapaka, mimi nitasimama begani kwake nitazame. Rangi rangi zikianza kufifia nitasema "sasa", naye atafuta. Tukamwita Bwana Sampuli alete dawa zake zote zilizo za polepole. Kaka alizichagua kwa vidole, tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akisugua na kusikiliza inavyonata. Alitupa nne, akabakiza moja. Nilipoisoma chupa, ilikuwa inampa mtu dakika mbili nzima, hata kwenye joto.

Gari la kwanza lilikuwa la muuguzi. Lilituchukua siku nne. "Sasa," nasema, mkono wake unatua, mizunguko ile ile, kitambaa kile kile kinakunjwa mara nne. Muuguzi alilizunguka gari lake mara mbili, akajitazama mlangoni kama kwenye kioo. Kaka alitununulia soda, tukanywa tumekaa kwenye tairi, akasimulia kisa cha mteja aliyetaka apakiwe seramiki kwenye bati la nyumba. Siku hiyo niliamini. Nalisema wazi ili mtu asidhani nilikuwa na busara.

Tulifanya magari matano hivyo. Kwenye la tatu "sasa" peke yake haikutosha tena. Ikawa "sasa, kushoto kidogo." Kisha, "sasa, juu, hapana, juu." Aliacha kuona kipande alichokipaka mwenyewe. Nikajaribu kukizungushia utepe ili kidole kipate mpaka. Nikajaribu kumshika kiwiko. Matone alikuwa anayatia asubuhi na jioni, wifi anamsimamia, na mimi namsimamia wifi. Maneno yakazidi kuwa mengi na dakika zikabaki mbili.

Gari la tano lilikuwa la buluu, la dereva wa ofisi moja. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, saa nzuri kabisa ya kupaka. Kaka alikuwa ameamka vizuri, amenyoa ndevu, na alipaka mlango wa mbele kwa mistari iliyonyooka nikasema moyoni pengine leo. Rangi rangi zikatokea.

"Sasa," nikasema.

Kitambaa chake kikatua kwenye kioo cha dirisha.

"Chini, kaka."

Akashuka, lakini akaenda na kulia, akafuta kioo cha pembeni kwa uangalifu, mizunguko mitatu.

"Kaka, rudi. Mlango uko huku."

Akarudi nyuma hatua moja. Mkono ukazunguka, ukafuta, ukafuta tena, na kati ya kile kitambaa na gari palikuwa na nafasi ya kupita paka. Nadhani alisubiri kusikia ule ukinzani wa rangi chini ya vidole. Alipoukosa akasimama. Akakunja kitambaa mara nne, akakiweka begani.

"Mdogo wangu," akasema, "nipeleke nyumbani."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwake ni mitaa miwili, na hadi siku hiyo alikuwa anakwenda mwenyewe, mkono ukutani, na ole wako umshike. Sasa alinyoosha mkono nimshike. Nikapiga hatua.

"Dawa iko mlangoni bado?" akauliza.

"Iko. Iache."

"Futa kwanza. Itaganda."

"Nimesema iache, kaka."

"Gari la mtu hilo. Futa."

Nikachukua kitambaa begani kwake, nikarudi mlangoni, nikafuta. Haikuchukua hata nusu dakika. Nikainama nikatazama kwa ubavu kuelekea taa, kama alivyonifundisha, na kipande kilikuwa safi, hakina doa hata moja. Nilipoinuka kaka alikuwa bado amesimama pale pale, amenyoosha mkono ananisubiri, na mkono wenyewe ulikuwa umeelekea ukutani.