Ujumbe Uliobaki Langoni

"Soma tena, Wandera. Polepole."

"Tano, moja, moja..." Honi ya lori ikameza sauti yake. "Ngoja nifungue geti, Mama Kiema."

Nilikuwa kwenye kibanda cha Shiru, msusi wetu hapa Kaloleni, simu mbili mkononi. Kwa kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe, niliongea na Wandera, mlinzi wa kiwanda kimoja Baba Dogo. Ya pili ilikuwa ya Shiru, yenye intaneti, ukurasa wa chuo ukiwa wazi. Nilikuwa nimechaguliwa kusomea ufundi wa umeme. Nisipothibitisha, nafasi ingepewa mwingine.

Kuthibitisha kulitaka nambari inayotumwa kwa ujumbe, na ujumbe ulikwenda kwa Muindi, mume wangu. Nilipojaza maombi niliandika namba yake, kama tunavyoandika kanisani na kwenye chama: namba ya nyumba ni ya baba. Sasa Muindi alikuwa ndani kazini, na simu za vibarua hukaa kwenye sanduku langoni, miguuni pa Wandera.

Geti likafungwa. "Sita, mbili, tisa," akamalizia.

Niliingiza. Ukurasa ukaanza kuzunguka.

"Kule ng'ambo kwa maghorofa hakuzunguki hivyo," Shiru alisema, vidole kwenye nywele za mteja. "Wana waya wao wa intaneti. Ulipita kwa mtaro wetu ukaenda zake, hata salamu hakuna."

Ukurasa ulipofunguka uliniambia muda wa nambari umeisha, niombe nyingine. Nikaomba. Wandera alikuwa na subira, lakini malori hayakuwa nayo. Mara ya tatu, kwa haraka, alinisomea ujumbe wa zamani badala ya mpya. Sikumlaumu, jumbe zote zilifanana. Mfumo ukanifungia: nimekosea mara nyingi, nijaribu kesho wakati kama huo.

Kesho ndiyo siku ya mwisho.

"Si aende na simu yako hadi huko getini?" mteja alimuuliza Shiru.

"Na wewe utanilipia wapi? Kwa kitana?"

Alikuwa na haki. Wateja wote humlipa kwa simu hiyo.

Jioni nilimweleza Muindi. Alisikiliza huku akivua viatu.

"Si ungeandika namba yako tu?"

"Ningeandika yangu, ungeuliza nina siri gani na chuo."

Akaviweka viatu kando ya mlango.

"Kesho iache simu nyumbani," nikasema.

"Wandera hanifungulii bila kuuona ujumbe wa kuitwa kazini. Ndiyo sheria siku hizi." Akaigeuza simu yake. "Lakini ujumbe ukishaingia, unabaki kwa simu. Laini naweza kukuachia."

Akaichomoa. Ilikuwa ile iliyokatwa ndogo kama ukucha, na kabambe yangu hutumia kubwa. Simu ya Shiru imejaa laini zake mbili, ya malipo na ya intaneti. Tuliiweka kwenye kabambe hivyo hivyo, ikateleza pembeni, kioo kikaandika: Weka laini.

Baba yake Muindi alikuwa mchonga vinyago. Muindi alitafuta kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, akaikata kwa kipimo cha laini kubwa, kisha akaanza kuichonga dirisha katikati la kushika ile ndogo, kwa wembe, taratibu, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo. Alijaribu. Ikagoma. Akachonga tena. Sasa laini ilikaa upande mmoja, ule mwingine ikacheza. Nilitamani kuitupa kabambe ukutani. Nikamshikia taa.

"Macho yamechoka," alisema mwishowe. Akairudisha laini kwenye simu yake, ingoje kuitwa kwa asubuhi. "Nitaimalizia alfajiri, kabla ujumbe haujaingia."

"Na wasipokuita?"

"Basi utakuwa na simu nzima." Hakucheka.

Nikaweka wembe na kile kipande cha plastiki juu ya kabati, mahali mwanetu Kiema hafiki.