Shujaa Aliyejificha kwa Nguruwe

Haya niliambiwa na Beti, mke wa Ifor wa shamba la Rhyd-las, asubuhi tulipokuwa tukioka vikate vya zabibu kwa ajili ya chai ya kanisa, mwaka ule theluji ilipochelewa na wana-kondoo wakazaliwa ndani yake. Siku ya mashindano yenyewe sikuwepo, mguu ulinikataza. Lakini Beti hasemi uongo. Husahau tu, na hili hakulisahau.

Heulwen ni mpwa wa Ifor. Mama yake alipofariki, Ifor na Beti walimlea, akakua akipenda hadithi za kale kuliko chakula: mashujaa wenye deraya, wachawi wa ziwani, farasi wanaosema. Mwishowe akawa anaziandika upya, vitabu vinene, na watu wa mbali wakavinunua. Sisi huku tulivisoma tukitafuta kama tumo.

Ubaya ulianzia humo. Katika kitabu kimoja alimtia Tudfor, shujaa aliyelinda kivuko cha mto wetu zamani za wafalme. Ifor husema Tudfor ndiye babu wa babu zake, na ukimbishia atakuonyesha pua yake kama ushahidi. Kitabuni mchawi wa ziwa anatokea, Tudfor anatupa mkuki, anakimbia na kujificha kwenye zizi la nguruwe. Ifor alisoma mpaka hapo, akafunga kitabu, akafunga na mdomo. Miaka ikapita hamsemeshi mpwa wake. Wakikutana mlangoni mwa kanisa, Ifor alikuwa akimsalimia mbwa wa Heulwen, si Heulwen.

Heulwen alikuwa akija jikoni kwa Beti mjomba akiwa malishoni, anakaa na kikombe bila kunywa.

"Si umpe Tudfor ushindi kidogo?" Beti akamwambia. "Akate hata kidole cha mchawi."

"Mama Beti, nikimwongopea yule mzee wa zamani, nitamwongopea na huyu wa sasa."

"Basi endelea kulia kwenye chai yangu. Ilikuwa haina chumvi."

Sasa, kijiji chetu hushindana kwa kutunga kila mwaka. Mtunzi hujificha kwa jina la kubuni, hata mwamuzi hamjui. Jina likiitwa, mshindi husimama pale alipo, tarumbeta hulia, naye hupelekwa mbele kwenye kiti kilichochongwa kwa ajili yake. Lakini hakai bado. Mwenye upanga huuinua juu ya kichwa chake, nusu ukiwa ndani ya ala, akawauliza watu: Kuna amani? Huuliza mara tatu, na watu wakijibu mara zote tatu kwamba ipo, upanga hurudi alani na mshindi hukaa. Pasipo amani hakuna kiti. Na upanga wetu anao Ifor. Huulaza chini ya kitanda.

Siku hiyo mwamuzi, mwalimu wa bonde la pili, akasifu hadithi moja mpaka watu wakaanza kutazamana. "Bata wa Ziwa," akasema, "simama."

Akasimama Heulwen, safu ya nyuma. Tarumbeta ikalia, ikakatika njiani, kwa sababu mpigaji naye alikuwa ameuona uso wa Ifor.

Wakamleta mbele. Ifor akainua upanga.

"Uliza, bwana Ifor," mchungaji wa kanisa akanong'ona.

"Nitaulizaje kama kuna amani, na ninajua haipo?"

"Sikushindania kiti, mjomba," Heulwen akasema. "Nilijua nikishinda itakubidi usimame karibu nami."

Ifor akamgeukia mchungaji. "Mwambie amtoe babu yangu kwa nguruwe."

"Mwambie hatoki," akasema Heulwen.

Mchungaji maskini akatazama huku na huku.

"Ifor," Beti akaita kutoka safu ya mbele, "mkono utakufa ganzi, na chai inapoa."

"Mjomba," Heulwen akasema, "siku ile ya mchawi, Tudfor alikuwa na mtoto?"

"Hakuwa naye. Alioa baadaye. Kila mtu anajua."

"Na mchawi alikuwa amekwisha kulimeza jeshi zima la mfalme. Tudfor angebaki apigane, wewe ungetoka wapi?"

Kicheko kilianzia kwa waimbaji, kikaenea ukumbi mzima. Ifor hakucheka. Beti anasema alimwona akipanda ukoo wake ngazi kwa ngazi, midomo ikichezacheza, mpaka akafika juu kabisa na kukuta zizi.

"Lakini nguruwe, Heulwen," akasema, taratibu.

Alikuwa amemtaja jina, mara ya kwanza baada ya miaka.

"Kitabu kikichapishwa tena nitamhamishia kwa kondoo."

"Kondoo wa uso mweusi?"

"Utawachagua mwenyewe."

Ifor akakohoa, akaukaza mkono. "Kuna amani?"

"Amani," wakajibu, mpaka vikombe vikalia mezani, na mara ya pili, na ya tatu. Heulwen akakaa. Beti anasema mtoto yule alikaa kama aliyetoka kushusha mzigo wa kuni.

Jioni walikula pamoja Rhyd-las, supu ya kondoo na viazi, na jua la kiangazi bado liko dirishani. Ifor akataka kuisoma ile hadithi iliyoshinda, yeye mwenyewe, kwa sauti. Kila mstari alikuwa na neno.

"Farasi huyu hawezi kuruka mto huo. Miguu mifupi."

"Ana uchawi, mjomba."

"Uchawi hauongezi miguu."

Kabla farasi hajafika ng'ambo, Ifor alikuwa akikoroma, miwani imeteleza mdomoni. Heulwen alimfunika koti, akajilaza kwenye benchi karibu na jiko, naye akapotea usingizini. Beti akaosha sahani, akauchukua upanga mezani akaurudisha chini ya kitanda, akapanda juu yake, akalala.