Pondo la Marsiana

Apolinari hakwenda barazani kupatanishwa. Alikwenda ili washindwe kumpatanisha, apewe karatasi inayosema imeshindikana, maana bila karatasi hiyo huwezi kufungua kesi ya ardhi wilayani. Ndiyo sheria ya siku hizi. Zamani wazee wa baraza la kata walisikiliza, wakaamua, na aliyeshindwa akarudi kwake kununa. Mwaka elfu mbili ishirini na moja wakubwa wakasema basi: ninyi patanisheni tu, kuamua si kazi yenu tena.

"Mtu akiporwa shamba," Apolinari alipenda kusema kilabuni, "anapewa kwanza wazee wambembeleze kama mtoto anayeachishwa ziwa. Akishanyamaza ndiyo aende Ifakara akaonane na sheria."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu baraza hilo walilolikata mikono ndilo mkewe Marsiana alilokalia miaka na miaka, yeye na darasa lake la nne, mpaka watu wa vijiji vya pili wakawa wanauliza kwanza: "Leo Mama Agnella yupo?" Asipokuwepo wanarudi na kesi yao nyumbani.

Siku ofisa alipokuja kuwasomea mabadiliko, Marsiana alirudi kwake, akavua viatu vyake vya barazani, akaviweka juu ya kabati. Hakuvishusha tena. Masika yaliyofuata akafa. Daktari alisema presha. Apolinari alisema ni wakubwa. Kwamba presha alikuwa nayo tangu zamani, hilo alilijua, ila hakupenda kuliweka mezani.

Sasa kilichobaki cha Marsiana kilikuwa jaruba lake la mpunga, upande wa chini wa bonde. Alilifyeka mwenyewe akiwa na mimba ya Agnella, wakati Apolinari yuko mtoni na nyavu zake. Halikuwa na hati wala jina popote. Lilikuwa na tuta la mpaka tu, na mafuriko ya mwaka jana yalilifukia tuta chini ya tope jipya, bonde zima likabaki sawasawa kama uji uliomwagwa sinia.

Mwezi wa kwanza jirani yake Makoye, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake zamani kidogo, akaingia na plau. Alipofika katikati Apolinari akatoka mbio, akasimama mbele ya maksai, mikono ameitandaza. Apolinari alisema mpaka unatoka kona ya mfereji na kunyooka hadi kwenye mkuyu. Makoye alisema hapana, ukifika katikati unakata kushoto na haurudi. Kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na nusu nzima ya jaruba la Marsiana.

Ndiyo maana Apolinari aliitaka wilaya. Alitaka mtu mwenye cheo, mwenye mhuri, aandike kwamba shamba ni la Marsiana. Waliomvua kiti ndio waandike jina lake.

Asubuhi ya shauri alilikuta benchi palepale ukumbini, benchi la mninga ambalo baba yake alilifuta vumbi alipokuwa tarishi wa baraza la jumbe, wakati wa Mwingereza. Jumbe aliondoka, benchi likabaki. Akaja hakimu na baiskeli, akalikalia. Yakaja mabaraza ya usuluhishi, yakalikalia. Likaja baraza la kata. Kila anayekuja juu hubadilisha jina na kumwacha mwananchi amesimama. Kaka yake Apolinari, Hermenegildi, aliwahi kuletewa hukumu ya rufaa ya Kiingereza tupu. Kwa jinsi ilivyokuwa ndefu akaona ameshinda, akachinja jogoo. Mwalimu alipokuja kumsomea, wameshatafuna mpaka mifupa, kumbe ameshindwa.

"Shikamoo, Mzee Apolinari," alisema Makoye, amevaa koti juu ya kaptula.

Apolinari alitazama bati.

"Marahaba haitozwi ushuru, Baba Agnella," alisema mwenyekiti Eufrasia, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyekaa na Marsiana kwenye benchi lile tangu wote wawili wana meno kamili.

"Marahaba," Apolinari aliliambia bati.

"Ameniitikia mimi au paa?" Makoye aliuliza, na wajumbe wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mimi sina maneno," Apolinari alisema. "Andika tumeshindwana, Eufrasia, nipe karatasi yangu niwahi gari la Ifakara."

"Hujakaa hata, umeshindwana na nani? Hapa hatuandiki kushindwana bila kukanyaga shamba. Pondo liko wapi?"

"Pondo lilikufa na mwenyewe."

"Liko darini kwako. Nililiona siku ya arobaini."

Apolinari aliondoka akisonya. Pondo lile lilikuwa la mtumbwi wa Marsiana, mti mrefu wa kusukumia kwenye maji ya bonde wakati wa mafuriko, lakini barazani mwenyewe alilipatia kazi nyingine. Wagombea mpaka aliwashikisha, mmoja huku, mwingine kule, akawatembeza peku ndani ya tope walitafute tuta kwa nyayo. Tuta lililokanyagwa miaka mingi haliyeyuki. Tope laini hulifunika tu, na kisigino hulijua. Wote wawili walishika pondo moja ili asiwepo wa kutangulia kudanganya. Anayeachia ameachia na maneno yake.

Alilishusha darini. Katikati pondo lilikuwa laini, limeng'arishwa na viganja visivyokuwa vyake. Akatoka nalo.

Shambani maji yalifika chini ya magoti. Eufrasia alibaki mferejini, amefunga kitenge kifuani. Makoye alishika ncha moja, Apolinari nyingine, wakaanza kupapasa.

"Nikizama," alisema Makoye, "ng'ombe wangu wapeni Wandamba wenzenu waliozoea samaki, nao wajue ladha ya kitu kisicho na miiba."

"Ng'ombe zako zina akili kukuzidi. Zilipofika mpakani zilisimama."

"Zilisimama zikidhani wewe ni mti, mzee. Na mti wenyewe mkavu."

Mdomo wa Apolinari ulitaka kucheka, akaukataza.

Kisigino kikagonga. Pagumu. Wakasogea, pagumu tena, wakalifuata tuta pole pole, na lilikuwa linaelekea kwenye mkuyu, limenyooka.

"Unaona?" Apolinari alipaza sauti. "Eufrasia, unaona?"

"Miguu yenu ndiyo inayoona. Endeleeni!"

Walipofika katikati pagumu pakapotea. Apolinari alikanyaga mbele: tope. Akakanyaga tena, mguu ukazama mpaka gotini. Makoye alielekeza tu pondo kushoto. Apolinari akapeleka mguu huko, hataki, akakuta pagumu. Tuta lilikuwa limekata kushoto, ndani ya upande wake, kama Makoye alivyosema.

Damu ikampanda. "Hili umelijenga wewe! Umekuja na plau yako, umepinda!"

Akajaribu kung'oa mguu, ukagoma. Kitu kilikuwa kimemshika vidole. Akainama, mkono mmoja bado uko kwenye pondo, akavuta, kikatoka kipande cha wavu kilichojaa tope. Akakisuuza. Fundo lake aliliona. Mvuvi halisahau fundo lake. Huo ulikuwa wavu wa perege alioushona kwa mkono wake na kuuacha ulipochakaa. Kila mwaka Marsiana alimwomba nyavu mbovu, na kila mwaka alimpa bila kuuliza za nini. Kumbe alikuwa anazizika ndani ya tuta lisibomoke.

"Hapa palikuwa na kichuguu," alisema Makoye kwa sauti ndogo. "Tulipohamia, mke wangu Merina hakuwa na pakavu pa kumlaza mtoto wakati wa kupanda. Mama Agnella akamwambia, kichuguu kiwe chako, nitalizungusha tuta. Akalizungusha. Wewe ulikuwa mtoni, mzee."

Apolinari alisimama na wavu mkononi. Ule mstari alioutaka wilayani, ulionyooka hadi kwenye mkuyu, Marsiana hakuwahi kuujenga. Angeenda kuudai, angekuwa amemshitaki mkewe.

"Twende," alisema hatimaye. "Tuone kama halirudi."

Wakaenda. Tuta likazunguka mahali kichuguu kilipokuwa, wavu ukawagusa nyayo tena na tena, kisha likarudi kulia, likanyooka, likafika kwenye mkuyu. Makoye alipapasa kushoto mara ya mwisho, kwa uaminifu kabisa, akakuta tope.

"Limerudi," alikubali. "Merina alinionyesha kichuguu tu. Hapa nilizidisha mimi."

Eufrasia aliuliza kutoka mferejini: "Haya, Baba Agnella. Gari la Ifakara halijapita. Niandike mmeshindwana?"

Apolinari hakuachia pondo. "Andika mpaka ni tuta, na kona yake ya kichuguu. Na jina la mdai uandike Marsiana."

"Jina la marehemu? Mdai ni wewe."

"Mimi nilikuwa mtoni. Mdai ni yeye."

Eufrasia alimtazama Makoye.

"Andika Mama," alisema Makoye. "Dole gumba nitaweka mimi."

"Basi nitaandika shamba la Marsiana, linadaiwa na mumewe. Hilo hakuna wa kulifuta."

"Na mhuri?" aliuliza Apolinari. "Au nao wakubwa wameuchukua?"

"Mhuri upo. Wametuachia."

"Ugonge leo, kabla hawajaukumbuka."

Walirudi kwa tuta lilelile, pondo katikati yao, Makoye akipima kwa mguu pale tope lilipokuwa limekula kingo.

"Masika haya yatalibeba tena, mzee. Una nyavu mbovu nyumbani?"

"Mtu wa mtoni hakosi nyavu mbovu," alisema Apolinari. "Njoo kesho uzichukue. Na huyo Merina aje, atuonyeshe kichuguu kilianzia wapi."