Mjomba Alimtaka Mmoja

Waraka wa serikali ulisomwa jikoni, kwa kuwa ofisi ya meneja isingewatosha wafanyakazi wote kumi na mmoja. Makao yote ya watoto yafungwe ndani ya miezi mitatu. Kila mtoto arudi kwa ndugu wa damu. Asiye na ndugu apelekwe kwa familia ya malezi. "Mahali pa mtoto ni nyumbani," meneja alimalizia, akaikunja karatasi. Hakuna aliyebisha. Nani angebisha neno kama hilo?

Mfuaji wa makao yale, mwanamke wa miaka sitini na miwili, watoto walimwita Mama Mapovu. Kwa miaka kumi na tisa alimjua kila mtoto kwa shuka lake: nani anakojoa, nani anatokwa damu puani, nani anaficha mkate chini ya mto. Siku ile hakuiwaza kazi yake. Aliwawaza mabinti wawili wa chumba cha mwisho, Mkubwa wa miaka kumi na mdogo wake Kijino wa miaka mitano, walioletwa pamoja mama yao alipofariki. Vitanda walipewa viwili, lakini walilala kimoja.

Wiki iliyofuata akaja afisa wa ustawi wa jamii, kijana mstaarabu mwenye macho mekundu kwa uchovu, amekumbatia mafaili hadi kidevuni. Alikuwa amempata mjomba wa mabinti wale.

"Anawachukua?" Mama Mapovu aliuliza, mikono imejaa sabuni.

"Anamtaka mmoja. Mkubwa. Mke wake ana mtoto mchanga, anasema wawili hawawezi."

"Huyo anatafuta yaya, hatafuti mpwa."

"Mama, waraka unasema ndugu wa damu kwanza. Kijino kuna mume na mke wameomba mtoto wa chini ya miaka sita."

"Nipe mimi. Wote wawili."

Afisa alimtazama, akaona hatanii. Akamweleza taratibu: mlezi asizidi miaka sitini, na watoto wawe na chumba chao. Mama Mapovu alikuwa amepanga chumba kimoja tu.

"Miaka siwezi kuipunguza," alisema. "Chumba, njoo Jumamosi uone."

Alimkamata fundi seremala wa jirani, na kufikia Ijumaa ukuta wa mbao ulikuwa umekigawa chumba katikati. Jumamosi afisa alipima kwa futi, akapima tena.

"Hakifiki kipimo, mama. Na hata kingefika, bado kuna umri."

"Sasa ulikuja kupima nini?"

Afisa aliikunja futi yake polepole. "Nilitaka niweze kuandika kwamba nilijaribu."

Siku ya kumchukua Mkubwa, afisa alikuta nguo zote za msichana, kuanzia gauni hadi soksi, zimelowekwa kwenye beseni.

"Zilikuwa chafu," alisema Mama Mapovu bila kuinua uso. "Mtoto haendi kwa watu na nguo chafu."

Yeye na afisa walijua hazikuwa chafu. Afisa aliketi kwenye benchi kungoja. Mawingu yalitanda na nguo zikakauka kwa kujivuta. Mkubwa, amejifunga shuka, alikaa chini akimfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. "Fungua. Funga tena. Siyo hivyo, tena." Saa tisa afisa akainuka.

"Mama, mjomba anangoja stendi."

Pindo la gauni lilikuwa bado bichi. Mkubwa alilivaa hivyo hivyo. Hakulia.

"Saa nne umwamshe akojoe," alimwambia Mama Mapovu. "Usipomwamsha analowesha."

"Nitamwamsha."

Alilala palepale makao, akamwamsha siku mbili. Ya tatu Kijino naye akachukuliwa. Mama Mapovu aliomba anwani, afisa akatikisa kichwa: wafanyakazi wa makao hawaruhusiwi kupewa. "Basi waambie wamwamshe saa nne," alisema, na kijana yule akaandika pembeni mwa fomu.

Miezi minne baadaye alifunga safari hadi kwa mjomba, ambaye kijiji chake alikuwa amekisoma juu ya faili siku Mkubwa alipochukuliwa. Ilikuwa asubuhi ya siku ya shule. Alimkuta Mkubwa uani, mtoto mgongoni, visigino vimepasuka, anasugua sufuria.

"Huendi shule?"

"Mjomba anasema muhula ujao." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kijino yuko wapi?"

"Yuko kwa watu wazuri. Amenenepa."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona," Mama Mapovu alidanganya.

Alipoondoka pale hakwenda nyumbani. Alinyoosha hadi ofisi ya ustawi. Yule kijana alikuwa amehamishwa; karani mwanamama akafungua daftari. "Amerejeshwa kwa familia. Faili limefungwa."

"Lifungue. Mtoto hasomi, amefanywa mtumishi."

"Wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa namfulia."

Karani aliweka kalamu chini. "Malalamiko tunapokea ya ndugu, mama."

Alirudi Jumatatu, akarudi Jumatatu nyingine. Mara ya nne, karani mwingine alimpa fomu bila kumuuliza kitu. Penye uhusiano, Mama Mapovu akaandika: bibi. Ilipigwa mhuri.

Mkubwa alirudishwa shule mwaka uliofuata, darasa moja nyuma ya wenzake. Alibaki palepale kwa mjomba, na kila akirudi kutoka darasani mtoto alipandishwa mgongoni. Fomu ya kumuulizia Kijino ilirudishwa na mstari mmoja: taarifa za mtoto aliye katika malezi ni siri.

Mama Mapovu akaomba fomu nyingine.